Difu Inayolia Asubuhi

"Mmeisikia?" Mzee Sankale aliuliza, akishuka kabla gari halijasimama vizuri.

Landrova ilikuwa imezungushwa mara ya tatu, kutoka gereji hadi kituo cha mafuta na kurudi, saa saba mchana, na haikulia. Injini ilikohoa, bodi iligongana kama masufuria, lakini huko nyuma chini, kwenye difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, palikuwa kimya. Riboni nyeupe za harusi zilikuwa bado zimefungwa kwenye kioo cha pembeni, zimeshika vumbi.

"Mzee, mbona iko sawa?" alisema Aminiel, fundi mkubwa wa gereji ile, akifuta mikono kwenye tambara.

"Iko sawa? Jumamosi asubuhi ililia mpaka ng'ombe wa watu wakakimbia. Nikaogopa ekseli itashika, nikasimama. Binti yangu alifika kanisani juu ya trekta. Unanielewa? Trekta la kulimia, na shela lake kichwani. Watu wa mume wamesimama mlangoni wanacheka kwenye viganja."

Aminiel aliinama akajifanya anatafuta spana. Mabega yake yalitikisika.

Nashipae alikuwa amesimama nyuma ya pipa la oili chafu, mikono ndani ya mifuko ya ovaroli. Wiki tatu kabla ya siku hiyo, yeye ndiye aliyebadilisha oili ya difu ya gari lile. Ilikuwa kazi yake ya kwanza ya difu tangu Abdiel, mwenye gereji, amwambie kwamba sasa anaweza kuachwa peke yake.

"Nani aliishika?" Sankale aliuliza, ingawa alijua.

"Mtaalamu wetu yule pale," Aminiel alisema, akionyesha kwa kidevu. "Aliacha shule darasa la tano ili aje atufundishe difu."

Sankale alimtazama msichana kuanzia buti hadi kilemba. "Mangi," alimwambia Abdiel bila kuondoa macho kwake, "wanaume wameisha hapa Daraja Mbili, mpaka gari la baba yangu likashikwa na ndito, mtoto wa kike?"

Abdiel hakupenda makelele mbele ya wateja wengine. Alimwita Nashipae kwa kidole.

"Uliweka oili gani?"

"Namba tisini."

"Sema kwa sauti."

"Namba tisini, bosi."

"Ilijaa?"

"Ilijaa mpaka ikatiririka kwenye tundu."

"Basi inalia nini?"

Nashipae alikuwa na jibu, au mwanzo wa jibu. Kitu kinacholia asubuhi na kunyamaza mchana kina uhusiano na baridi. Lakini maneno yalimfika kooni yakakaa, kama kawaida yake wanaume watatu wakimtazama kwa pamoja. Alichoweza kutoa ni, "Niisikie asubuhi."

"Asubuhi wapi?"

"Huko kwao."

Abdiel alifikiri. Kisha alizungumza polepole, karibu kwa upole, na upole ule ulimtisha Nashipae kuliko kelele za mzee. "Sawa. Nenda naye Oldonyo Sambu leo, ulale kwao, asubuhi usikilize. Chukua makopo mawili ya oili na spana. Ukikuta ubovu umetoka mikononi mwako, hiyo ovaroli ivue huko huko. Usinirudie hapa nayo."

Walipita Ngaramtoni, nyumba zikaanza kuachana, Mlima Meru ukahama polepole upande wa kulia. Ni baada ya nusu saa nzima ndipo Sankale alipofungua mdomo.

"Usiegemee mlango."

Nashipae akaacha kuegemea mlango.

Nyumbani, mke wa mzee alikuwa anachambua maharage uani. Tangu binti yao mkubwa azaliwe watu walimwita Mama Naisiae, na sasa huyo Naisiae ndiye aliyeolewa Jumamosi.

"Shikamoo, yeyo," Nashipae alisema, akiinamisha kichwa kama kwa mama yake mwenyewe.

"Marahaba. Ndiyo wewe?"

"Ndiyo mimi."

"Trekta lilikuwa na samadi," mama alisema. Akabeba ungo wake akaingia ndani.

Alipewa pa kulala jikoni, na blanketi, na chakula kilichowekwa chini karibu naye bila neno.

*

Julai upande ule wa mlima ni baridi ya kuuma. Kulipopambazuka Nashipae alikuta majani nyuma ya zizi yamekuwa meupe. Mama Naisiae alimmiminia chai kutoka kwenye birika kubwa la bati, akamsogezea kikombe kwa ncha ya kidole. Chai ilikuwa na harufu. Nashipae alinusa mikono yake mwenyewe, akaona ni yeye. Miaka minne ya gereji ilifanya kila alichokula kinuke gari. Akainywa yote.

Nje, mzee alikuwa tayari kwenye usukani. "Haya, fundi. Kaa mbele uone."

"Nakaa nyuma, mzee. Chini."

Alilala kifudifudi kwenye sakafu ya bati, kati ya mabenchi mawili. Alikuwa na kipande cha mpira wa maji, urefu wa mkono. Ncha moja aliiweka sikioni, nyingine aliigandamiza kwenye bati juu ya ekseli. Bati lilimchoma tumbo kwa baridi kupitia ovaroli.

Gari likaondoka, na difu ikalia.

Haukuwa mlio mdogo. Ulianza kama mtu anayevuta pumzi kwa meno, ukapanda kadiri mwendo ulivyopanda, ukawa ukelele mmoja mrefu, mkavu, wa chuma kinachokula chuma. Mbuzi waliokuwa kando ya njia walitawanyika. Nashipae aliuma mdomo, akasikiliza.

"Toa mguu, mzee!"

Sankale alitoa mguu kwenye mafuta. Mlio haukukatika.

"Kanyaga!"

Ukaendelea vile vile.

"Pindisha kushoto, kama unataka kuingia shambani! Sasa kulia!"

"Unanifundisha gari langu?" mzee alifoka, lakini alipindisha. Mlio haukubadilika. Basi haikuwa beringi ya tairi, kwa sababu beringi ya tairi hubadili sauti uzito ukihama. Alisogeza mpira kidole kwa kidole. Kushoto, mlio ulipungua. Kulia, ulipungua. Mbele kidogo, pale propela, ule mhimili wa chuma unaotoka kwenye injini, inapoingia kwenye difu na kukutana na kile kigia kidogo wanachokiita pinioni, ulimjaa kichwani mpaka akafumba macho.

Halafu walipofika lami, wakaenda kama kilomita sita, kitu kikaanza kutokea. Ukelele ulishuka ukawa mluzi, mluzi ukawa mvumo. Jua lilikuwa halijapanda hata mkono mmoja, na difu ilikuwa imenyamaza.

"Unaona?" Sankale alipiga usukani. "Shetani! Ikifika kwa watu inanyamaza!"

Nashipae alijiinua akakaa. Beringi iliyokufa haifufuki njiani. Humo ndani kulikuwa na kitu kilichokuwa kigumu asubuhi na sasa kimeyeyuka, na oili namba tisini haigandi kwa baridi kama ile.

"Turudi, mzee. Niifungue ikiwa ya moto."

*

Aliomba beseni na maji. Mama Naisiae alileta vyote viwili akavitua kwa kishindo. Mzee alitaka gari liachwe pale pale mbele ya nyumba, lakini Nashipae alitembea na beseni la maji kwenye uwanja wa kuanikia mahindi, akilitua hapa, akilitua pale, akitazama maji yanavyokaa kwenye ukingo. Alipopata mahali ambapo yalikaa sawa pande zote, aliweka jiwe, ili oili chafu itoke yote isibaki upande mmoja.

"Sogeza hapa."

"Anapima uwanja wangu sasa," mzee alimwambia mkewe. "Kule alimwaga oili, huku anamwaga maji."

Aliingia chini ya gari. Kwanza alifungua nati ya juu, ya kujazia, kwa sababu ukimwaga oili kisha nati ya kujazia ikakataa kufunguka, umeua gari la mtu. Ilifunguka. Alimwaga maji, akasukuma beseni mahali pake, akalegeza nati ya chini, akatoa mkono haraka.

Kilichotoka kilikuwa chepesi mno. Hakikuvutika kama asali jinsi oili ya difu inavyovutika. Kilimwagika kama mchuzi, rangi ya matope yaliyochanganyika na maziwa. Alikisugua kati ya vidole. Kiling'aa vumbi la chuma. Alikinusa, akanusa tena, kwa sababu alikulia Terrat, kijiji cha wafugaji, na harufu ile aliijua tangu akiwa mgongoni mwa mama yake.

Alilivuta beseni nje kwenye baridi. Watatu walisimama wakilitazama, na walivyokuwa wakilitazama ukingo wake ukaanza kuwa mweupe. Weupe ulisogea ndani taratibu, ukafanya utando, utando ukafanya ngozi.

Mama Naisiae aliinama. "Hiyo ni kondoo," alisema.

Mzee Sankale alitazama mlimani.

"Baba Naisiae. Hiyo ni mafuta ya kondoo. Ulichukua yale niliyomwekea Naisiae kwa ajili ya uzazi?"

"Kidogo."

"Uliyayeyusha kwa chombo gani?"

Mama alijijibu mwenyewe. Alinyoosha mgongo polepole. "Birika langu," alisema. "Wiki mbili nzima chai inanuka gari. Nimelisugua kwa majivu, nimelisugua kwa mchanga, nikasema labda ni kuni. Nimewapa wachungaji wa kanisa chai ile! Nimewapa wakwe wa Naisiae!"

"Nyamaza, mama."

"Ulitia mafuta kwenye gari kwa birika langu!"

"Baba yangu alitia!" Sankale aligeuka kwa ghafla, na aliyegeukiwa hakuwa mkewe bali Nashipae, aliyekuwa amepiga magoti kando ya beseni. "Miaka ile ya shida oili haikuwepo nchi nzima. Gari hili peke yake ndilo lililokuwa linabeba wagonjwa huku kwetu. Baba alichinja kondoo, akayeyusha mkia, akatia, na likaenda mpaka Namanga na kurudi. Halikulia! Wewe ulikuwa wapi? Hata mama yako alikuwa hajazaliwa!"

Nashipae alitazama chini.

"Na mimi si mjinga. Unafikiri niliamka tu nikatia mafuta kwenye gari zima? Lilianza kulia kwanza. Siku ya tatu baada ya wewe kulishika. Nikipandisha kilima, linavuma nyuma, dogo dogo. Nikaongeza birika moja, likanyamaza. Sasa niambie, mtaalamu. Kwa nini lililia kabla sijatia?"

Hilo swali lilikuwa la haki.

Nashipae alirudi chini ya gari, kwa sababu chini ya gari hakuna anayekutazama usoni. Aliosha tumbo la difu kwa dizeli kidogo, akaiacha ichuruzike, akafunga nati ya chini. Alifungua kopo la kwanza, akaweka mpira kwenye tundu la kujazia, akaanza kumimina. Oili mpya ilishuka polepole, nzito, safi. Kopo la lita moja liliisha. Alifungua la pili. Alitegemea itiririke wakati wowote. Haikutiririka. Robo ya kopo, nusu, zaidi ya nusu. Ilipofika karibu na mwisho ndipo tone lilipoonekana kwenye mdomo wa tundu, likaning'inia, likaanguka.

Nashipae alikaa na kopo mkononi.

Kule gereji, wiki tatu nyuma, kopo moja na vidole viwili vya kopo la pili vilitosha. Oili ilitiririka, akafunga. Abdiel alimsifu mbele ya wote kwa kutomaliza kopo. Alilala siku ile akiwa na furaha.

Akaanza kukumbuka gari lilivyokuwa limekaa. Uwanja wa gereji umeinamia mtoni. Landrova ilikuwa imeingizwa kwa nyuma, mkia ukitazama mto. Na mbele, Aminiel alikuwa anafanya breki, magurudumu ya mbele yako juu ya stendi. Gari lilikuwa limekaa kama mbwa, na yeye alilijaza likiwa limekaa hivyo. Tundu la kujazia liko nyuma ya difu. Oili yote ilikimbilia nyuma, ikatiririka mapema, na huku mbele, kwenye beringi ya pinioni, palikuwa pakavu. Alijaza mpaka ikatiririka, kama alivyofundishwa. Hakuna aliyemfundisha kutazama gari limekaaje. Lakini mikono ilikuwa yake.

Aliisikia sauti ya mama Naisiae ikiendelea na habari za birika, na mzee akinung'unika. Hakuna mmoja wao aliyejua. Aminiel hakujua. Beseni lilikuwa pale, jeupe kama samli, na fundi yeyote wa Arusha akiliona asingeuliza swali la pili. Alichohitaji ni kufunga nati tu.

Aliifunga. Kisha alitoka chini ya gari akasimama.

"Mzee."

"Nini?"

"Ililia kwa sababu oili niliyotia ilikuwa pungufu. Gari lilikuwa limeinama. Sikuangalia."

Sankale alimkaribia, kana kwamba hakusikia vizuri.

"Sema tena."

Alisema tena. Ilikuwa rahisi kidogo mara ya pili.

Mzee alitoa simu mfukoni, akapiga, akaweka spika. "Mangi! Nisikilize. Amekiri mwenyewe. Haya ndito, mwambie bosi wako."

"Bosi," Nashipae alisema, "difu ilikuwa pungufu. Niliijaza ikiwa imeinama. Leo imekula karibu makopo mawili."

Kwenye simu zilisikika nyundo za gereji. "Beringi ya pinioni?" Abdiel aliuliza.

"Imeguswa. Sijui imeumia kiasi gani."

"Na ile ya kulia asubuhi na kunyamaza mchana? Upungufu haufanyi hivyo. Hiyo ni nini?"

Mzee Sankale alimtazama. Hayakuwa macho ya kuomba, hakujua kuomba. Yalikuwa ya mtu anayeshika fimbo na kungoja mbwa asogee.

Nashipae alihisi maneno yakimfika kooni na kuanza kukaa. Aliyasukuma.

"Kulikuwa na mafuta ya kondoo ndani, bosi. Birika moja. Yanaganda usiku."

Nyundo ziliacha. Halafu kikasikika kicheko cha Aminiel, kirefu, cha mtu anayepiga mapaja, na sauti ya Abdiel ikimwambia anyamaze.

"Mzee Sankale," Abdiel alisema, "lete gari leo. Na huyo binti awe ndani. Nitaifungua difu mbele yenu wote wawili na nitaiona beringi kwa macho yangu. Nikimwona mmoja tu, nitajua yule mwingine amekimbia, na huyo nitakuwa nimemalizana naye. Umesikia, Nashipae?"

"Nimesikia, bosi."

Simu ilikatika. Sankale aliirudisha mfukoni, akaufunga mfuko kwa kifungo.

"Tafuta gari la mtu mwingine," alisema. "Langu halibebi mtu wa kunianika."

"Mzee, bosi amesema..."

"Mimi si mfanyakazi wa Mangi. Nitafika kabla yako na nitasema ninayoyajua. Wewe utamkuta ameshasikia."

Nashipae alikusanya spana zake akazifunga kwenye tambara. Mama Naisiae alisimama mlangoni, birika mkononi, akilitazama ndani kama mtu anayetazama kisima.

"Kwaheri, yeyo."

"Jana nilikuchukia kwa sababu ya trekta," mama alisema. "Leo sijui nimchukie nani. Nenda."

Kutoka pale hadi lami ni mwendo wa karibu saa nzima kwa miguu. Nashipae alitembea haraka, mzigo wa spana ukimgonga paja. Hakukuwa na bodaboda wala punda. Baridi ilikuwa imevunjika, vumbi likaanza kuamka. Alihesabu: afike lami, asubiri gari la kutoka Namanga, asimame njiani, mzee angekuwa ameshakaa kwenye kiti cha Abdiel, ameshamaliza chai.

Alikuwa nusu ya njia, kwenye kilima kirefu chenye mawe, alipoisikia Landrova nyuma yake.

Aliijua kabla ya kuiona. Hakugeuka. Alisogea kando kwenye majani akaendelea kutembea, na masikio yake, bila kuulizwa, yakaanza kazi. Ukelele wa asubuhi haukuwepo tena. Oili ilikuwa imefika mahali pake. Kilichobaki ni uzi mmoja mwembamba wa sauti, mluzi wa pinioni iliyokwaruzwa, ule unaotoka gari likivuta tu, mguu ukiwa kwenye mafuta. Beringi ingebadilishwa. Krauni, ile gia kubwa inayoshikana na pinioni, ingepona.

Uzi ule ulikuja juu ya kilima, ukanenepa, ukamkaribia mgongo. Mzee alikuwa amekanyaga. Mawe yaliruka chini ya tairi.

Halafu uzi ukakatika.

Injini iliendelea, bodi ikaendelea kugongana, lakini mluzi ulikuwa umekwisha ghafla, kama unavyokwisha mtu akitoa mguu. Na pale njia ilikuwa bado inapanda, mahali ambapo mtu hatoi mguu ila akitaka kusimama.

Vumbi lilimfikia kwanza. Lilimpita pande zote mbili, likaenda mbele yake njiani, na Nashipae akasimama ndani yake na mzigo wake wa spana, bado hajageuka, akisikiliza.